Muoroto na Watu Wetu



Tumekuja kuzungumza juu ya mahali ambapo hapako tena. Wengi wenu mliopanda basi la Nairobi kabla ya 1990 mlipaona. Basi lilipoingia kituo cha Machakos, kando ya Barabara ya Landhies, abiria alishuka na kiondo chake cha mbaazi, na hatua chache tu kutoka hapo vilianza vibanda vya Muoroto: mbao, mabati, makaratasi ya nailoni. Barabara hiyo ilipewa jina la landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Muoroto haukujengewa na mwajiri yeyote. Uliinuliwa na wale wale waliolala ndani yake.

Katika kuwasikiliza waliopata kuishi huko, tulikutana na mama ambaye leo analima Kibwezi. Alifika Nairobi baada ya ukame wa 1984, mtoto mgongoni, akimtafuta shangazi ambaye hakupatikana. Aliyempokea alikuwa muuza chai, mwanamke Mkikuyu asiyejua neno la Kikamba. Alimpa kona ya kibanda na sufuria. Tangu hapo mama huyu alichemsha muthokoi usiku, akauuza alfajiri kwa makuli wa kituo na mafundi wa Kamukunji. Hakuulizwa kabila. Twalitaja hili makusudi, kwa kuwa katika siku hizo hizo tulihubiriwa kwamba vyama vingi vitatuletea vita vya kikabila, na waliohubiri hivyo hawakuwahi kunywa chai Muoroto.

Ijumaa, tarehe 25 Mei 1990, askari wa jiji walikuja kubomoa. Zilikuwa zimepita siku 22 tangu Kenneth Matiba na Charles Rubia kudai hadharani mfumo wa vyama vingi. Wakazi walipambana kwa mawe, na ghasia zikatanda. Mama wa Kibwezi hasimulii sana juu ya mawe. Husimulia sufuria yake, aliyoikuta imebondwa kama karatasi, na jinsi alivyoita jina la muuza chai hadi sauti ikamkauka. Hawakuonana tena.

Wangemlilia nani? Diwani hakuwapo. Baraza la jiji lilikuwa limevunjwa tangu 1983, na hadi 1992 Nairobi ilitawaliwa na tume ya kuteuliwa. Miaka saba mkazi wa mji mkuu hakuwa na diwani aliyemchagua wa kumgongea mlango! Kwa hiyo anayesema kuwa madai ya vyama vingi yalikuwa ugomvi wa matajiri walionyimwa vyeo, na amsikilize mama huyu kwanza.

Kisha yakaja mabishano juu ya waliokufa. Wakazi walisema watu wao wamekufa, serikali ikakana. Viongozi wa makanisa walipaza sauti. Kanda za nyimbo juu ya Muoroto zikauzwa mitaani, na polisi wakawakamata wauzaji. Matiba na Rubia waliwekwa kizuizini tarehe 4 Julai, na siku tatu baadaye, siku ya Saba Saba, watu walimiminika Kamukunji, mwendo mfupi kwa miguu kutoka vibanda vilipobomolewa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katiba ya 2010 imetaja haki ya makazi katika Kifungu cha 43. Hayo tunayashukuru. Lakini ilikuwa rahisi kukana vifo vya watu ambao majina yao hayakuwa katika daftari la kodi wala la wapiga kura, na waliotumwa mjini na vijiji vyetu walikuwa miongoni mwao. Wako wazee hapa ambao mtoto wao aliandika barua ya mwisho mwanzoni mwa 1990.

Mezani karibu na mlango kuna daftari. Aliyempoteza mtu Muoroto na aandike jina lake, kijiji alikotoka na kazi aliyokuwa akifanya. Asiyeweza kuandika, vijana watamwandikia, wala hakuna malipo. Ukurasa wa kwanza umekwisha kuanzwa. Mama wa Kibwezi alitaka kumwandikisha rafiki yake, na kwa kuwa hakupata kulijua jina lake la ukoo, ameandikisha hivi: Wanjiru, muuza chai, kibanda cha tatu kutoka kituoni.