Fedha za Msaada: Neno la Walimu



Wengi wetu tulivuka Rusizi II na watoto mgongoni. Hatukuuliza chakula cha ng'ambo kinalipwa na nani. Sasa tunauliza, maana hesabu hizo zinaingia chunguni mwetu.

PAM haitozi kodi wala haina shamba. Hula michango ya hiari, hasa ya serikali. Basi bajeti ya mwaka ni ombi, si fedha zilizo mkononi. Tena mfadhili mara nyingi hutaja nchi na kazi, na fedha hizo hazihamishwi kuziba pengo la kwingine.

Novemba 2017 posho ya wakimbizi hapa Rwanda ilipunguzwa asilimia 10, Januari 2018 asilimia 25. Mwezi uliofuata wenzetu wa Kiziba waliandamana hadi Karongi. HCR ilihesabu 11 waliouawa. Machi 2021 ikakatwa asilimia 60.

Wageni wetu, tunaomba jambo moja: pengo likionekana Julai, tuambiwe Julai hiyo hiyo, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, tarakimu zibandikwe ubaoni. Mama akijua mapema hatakopa dukani kwa kutegemea posho ambayo haitakuja.