Nyundo, kamba na «demoiselle»: maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama



Tuanze na lile linalotuumiza. Mawe tuliyoyapanga kwa salongo kwenye njia ya soko yamezama. Mvua ya kwanza tu, mama mmoja akaanguka pale na bidoni lake la mafuta. Wengi wanasema ni sababu hatuna mashini. Sisi tunaosimamia kazi tumesoma namna watu wa zamani walivyofanya, na tunaona kosa ni letu.

Mfalme Philippe Auguste aliamuru njia za Paris zitandikwe mawe katika miaka ya 1180. Injini ilikuwa bado mbali. Nyundo ya mafundi wa kazi hiyo ilikuja kuwa na pande mbili: huku kichwa cha kupiga jiwe, huku chuma kipana kama kijembe kidogo, cha kusawazisha mchanga. Kamba ilionyesha mstari na usawa.

Halafu kuna kile tulichoruka. Ni gogo zito, limefungwa chuma chini, lenye mikono miwili. Wafaransa wanaliita «hie» ao «demoiselle», ni kusema binti, sababu ya ile mikono. (Ba mama walicheka: binti gani huyo wa kupiga mawe kichwani!) Jiwe linawekwa juu kidogo kupita kamba, kisha gogo linainuliwa na kuachiliwa, tena na tena, mpaka jiwe linashuka kwenye usawa. Lenye kuzama sana linang'olewa, mchanga unaongezwa, linarudishwa.

Sisi tuliweka mawe sawasawa na kamba, tukakanyaga kwa miguu, tukaenda nyumbani. Kushindilia tuliachia mvua.

Wafadhili, ile pesa tuliyoomba kwa kukodi mashini, tunaomba itengeneze magogo mawili kwa fundi wetu wa mbao, na ibaki ya chakula cha salongo. Mawe hayakosi: tangu Nyiragongo ilipoteremsha lava mpaka ndani ya Goma mwaka wa 2002, watu wa huku wanajua kuyapasua.

Jumamosi tunang'oa yote, tangu kanisani mpaka sokoni. Mwenye mti mgumu, mkavu, aseme leo mbele ya kutoka.