Kiinitete Kibichi au Kilichogandishwa?

Tangu Julai 1978, Louise Brown alipozaliwa Oldham, Uingereza, akiwa mtoto wa kwanza wa mimba iliyotungwa maabara, njia za kumsaidia anayetafuta mtoto zimeongezeka. Kila njia ina wapiga debe wake.

Chukua swali hili: kiinitete kirudishwe tumboni siku chache baada ya mayai kuvunwa, au kigandishwe kwanza? Kwenye mafaili ya kliniki, kilichogandishwa kinaweza kuonekana bora. Lakini anayebakiwa na vya kugandisha ni nani? Mara nyingi ni mwanamke kijana aliyetoa mayai mengi. Mwenye miaka 42 aliyepata kimoja tu hurudishiwa hicho hicho. Kuwalinganisha hao ni kushindanisha wakimbiaji huku mmoja ameanzia katikati ya uwanja.

Mwaka 1983, wanatakwimu wa Marekani Paul Rosenbaum na Donald Rubin walieleza dawa ya tatizo hilo. Kila mgonjwa hupewa alama: kwa umri wake, uzito wake, miaka aliyohangaika na mayai aliyotoa, uwezekano wa kugandishiwa ulikuwa kiasi gani? Kisha aliyegandishiwa hutafutiwa mwenzake asiyegandishiwa mwenye alama inayokaribiana. Asiyepata wa kufanana naye huwekwa kando. Hapo ndipo watoto huhesabiwa, na si kabla. Mtafiti anayechungulia matokeo mapema atajichagulia jozi zinazompendeza.

Hata hivyo, alama haioni kisichoandikwa kwenye faili. Ndiyo maana kugawa wagonjwa kwa kura bado ni hakimu mkali zaidi. Nchini China, wanawake 1,508 wenye ovari zenye vifuko vingi waligawanywa kwa kura. Matokeo ya 2016 yalionyesha kuwa asilimia 49.3 ya waliogandishiwa walijifungua watoto hai, dhidi ya 42.0 ya waliorudishiwa kibichi. Mwaka 2018 yakatoka ya wanawake 2,157 wasio na tatizo hilo: asilimia 48.7 ya waliogandishiwa kwa 50.2 ya wenzao. Hapo hakuna mshindi.

Kwa hiyo, ukionyeshwa bango la asilimia nono, uliza: ni ya wanawake wa umri gani? Wamehesabiwa wote walioanza matibabu, au waliofika kwenye kupandikizwa tu? Omba jibu kabla ya kulipa.