Ngoma Zinazongoja Wenyewe

Mazungumzo ya kitengo chetu cha uhusiano na wananchi wa Palma, Kionga na vijiji vya mwambao

Mara nyingi tukiwaita mkutanoni mnajua tutakayoyasema: vitambulisho, vizuizi vya barabarani, wageni wasiojulikana. Leo tumekuja kuzungumza juu ya ngoma, na tunaomba tusikilizwe, kwa kuwa jambo hili limetukalia ghalani kwa muda mrefu.

Tangu watu walipoanza kurejea makwao baada ya shambulio la Palma la tarehe 24 Machi 2021, vitu vingi vimeokotwa katika nyumba zilizoachwa na kuletwa kwetu: baiskeli, cherehani, milango, mashine za mashua. Mashine ya mashua haikai wiki moja kabla mwenyewe hajafika na shahidi wake. Ngoma hukaa. Tulipojiuliza sababu tukaona ziko mbili. Ya kwanza ni kwamba ngoma si mali ya mtu mmoja, bali ya kikundi, na vikundi vyetu vimetawanyika: mpigaji mmoja yuko Pemba, mwingine Metuge, wa tatu alivuka Ruvuma akafika Mtwara, na wa nne tumekwisha kumwombea dua. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Wapo wanaodhani kwamba atakayekuja kuidai ngoma ataulizwa alikuwa wapi siku zile, na alikuwa na nani. Hofu hiyo tunaijua, wala hatuidharau. Ndiyo iliyotufanya tuje hapa badala ya kubandika tangazo ukutani.

Ikafika siku vikundi viwili vikaidai ngoma moja. Kila kimoja kilikuwa na mashahidi, na kila mmoja wa mashahidi aliapa. Tulimwita mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Mzee hakuitazama ngoma kwa nje hata kidogo. Aliipindua, akaingiza mkono ndani ya mzinga, akapapasa, kisha akauliza kila upande: ndani mna nini? Upande mmoja ulinyamaza. Upande wa pili ukajibu kwamba mna kiraka cha bati la kopo, kilichopigiliwa misumari mitano baada ya ngoma kuanguka kutoka kwenye lori. Kilikuwemo. Shauri likaisha bila hakimu, na walioshindwa ndio waliosaidia kuibeba hadi nyumbani kwa wenyewe.

Kwa watu wa eneo hili si ajabu ngoma kuwa na historia ndefu kuliko ya mpaka wenyewe. Kionga ilichukuliwa na Wajerumani mwaka 1894, Wareno wakaitwaa mwaka 1916 wakati wa vita kuu ya kwanza, na mkataba wa Versailles wa 1919 ukaiacha upande wa Msumbiji. Bendera zilibadilishwa, lakini Wamakonde wa pande zote mbili za Ruvuma waliendelea kucheza mapiko, na mpaka leo tamasha la Mtwara linaloitwa MaKuYa limebeba katika jina lake Wamakonde, Wamakua na Wayao, ambao wote wana ndugu zao huku. Watafiti nao walifika. Margot Dias alipiga picha za filamu na kurekodi sauti za Wamakonde kati ya mwaka 1958 na 1961, na baada ya uhuru serikali iliitisha tamasha la taifa la ngoma za asili mwaka 1978. Kumbukumbu hizo zina thamani, lakini ngozi haiwambwi kwa picha. Hukaa mikononi mwa fundi, na mafundi tulionao tunaweza kuwahesabu kwa vidole.

Tulimwomba mmoja wao atuoneshe jinsi ngoma iliyotelekezwa inavyofufuliwa, nasi tukaifuata kazi yake tangu mwanzo. Kazi hii imetufundisha subira kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

Kwanza hung'oa vile vigingi vya mti vinavyoishika ngozi, kimoja kimoja, kwa kuvizungusha. Havigongi, maana matundu yakipanuka ngozi mpya haitashika. Ngozi kuukuu akishaitoa, huugonga mzinga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Ukilia mkavu, ni mzima. Ukitoa sauti nzito isiyosafiri, kuna bungua ndani. Bungua ameangamiza ngoma nyingi ambazo moto uliziacha. Mzinga uliolala chini ya paa lililobomoka hunyonya mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili, kisha hukaushwa na jua la miezi inayofuata, na mwaka wa pili au wa tatu unga huanza kumwagika kila unapoguswa. Mzinga wa namna hiyo fundi huuning'iniza juu ya meko ya kupikia, moshi uupite siku nyingi. Ufa mwembamba huuziba kwa nta ya nyuki, mpana huufunga kwa ukanda wa bati.

Kisha huja ngozi ya mbuzi, iliyolowekwa na kukwanguliwa mafuta yote. Huvutwa ingali mbichi, na vigingi hupigiliwa kwa kukabiliana: kimoja huku, cha pili ng'ambo yake, ili mvuto uwe sawa pande zote. Hukaushwa kivulini. Vijana wenye haraka huiweka juani, na ikifika alasiri imechanika. Siku ya kucheza, uso wa ngoma huelekezwa kwenye moto wa nyasi kavu hadi sauti ipande, na fundi huujua wakati wa kuiondoa kwa kuigusa kwa kiganja. Zile ngoma ndogo za mapiko ziitwazo vinganga, zenye mguu uliochongoka unaochomekwa ardhini, hupigwa kwa fimbo nyembamba na hudai sauti ya juu kuliko zote. Hizo ndizo zinazorudishwa motoni mara kwa mara usiku kucha. Matari ya akina mama wa tufo nayo huota moto, ila kwa uangalifu zaidi.

Ngoma ikishapona, bado kuna mikono. Kijana aliyekuwa na miaka minane mwaka 2017 amekulia kambini. Tuliwauliza vijana kadhaa walijifunzia wapi kupiga, wakatujibu: kwenye madumu ya maji. Mikono yao ni myepesi na ina kasi, lakini dumu halina katikati na ukingo, wala halimjibu mpigaji, hivyo wazee wanawarudisha nyuma kuanza na mdundo wa polepole. Wazee wengine wanalalamika kwamba vijana hao, waliolala hema moja Wamwani, Wamakua na Wamakonde, wanachanganya midundo. Hilo ni lao kuamua. Kwa maoni yetu, kijana wa Kimwani anayeweza kushika fimbo ya vinganga bila kufukuzwa ni habari njema kwa usalama wa wilaya hii, hata kama mdundo wenyewe una kasoro.

Sasa tuje kwenye usiku. Zamani mlio wa ngoma usiku ulimwambia msafiri kwamba mbele kuna watu na chakula. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, mwambao huu umejifunza kuusikiliza usiku kwa sikio jingine, na askari vilevile. Wengi wetu tumetoka mikoa ya mbali. Mwenzetu mmoja wa Inhambane, aliyekua akisikia timbila, alipokiona kinyago cha mapiko kikitoka kichakani magharibi aliuliza kwa redio afanye nini na mtu asiye na uso. Wazee walicheka sana, na sasa yeye ndiye wa kwanza kufika uwanjani. Lakini kicheko hicho kingeweza kuwa msiba, na ndiyo maana tunaomba mambo machache.

Mkitaka kucheza usiku, mtujulishe siku, mahali na saa ya kumaliza, habari itufikie kabla ya saa kumi alasiri ili doria iambiwe mapema, pamoja na ndugu zetu wa jeshi la Rwanda walio karibu. Mteueni mtu mmoja mwenye simu. Hatuombi orodha ya wachezaji. Hatuulizi nani yumo ndani ya kinyago, wala hatuingii jandoni. Mambo hayo yana wenyewe. Na mdundo wa kuita msaada usipigwe kwa ngoma za mchezo, hata kwa utani.

Ghalani kwetu zimebaki ngoma tatu na tari moja. Hatutazieleza zaidi, kwa sababu mnazozijua. Anayezidai aje asubuhi ya siku yoyote ya kazi pamoja na mzee mmoja wa kijiji, atueleze kilichomo ndani ya mzinga au alama iliyo juu yake. Hatahitaji karatasi, na hataulizwa alikimbilia wapi. Aliye Mtwara au Pemba anaweza kumtuma ndugu yake. Ngoma moja kati ya hizo imeanza kumwaga unga wa bungua. Wenye hiyo tunawaomba wawahi.