Imani na Mahusiano katika Riwaya za Waamish

Riwaya za Waamish, yaani zinazosimulia maisha ya Wakristo wa jumuiya za Kiamish, ni tawi la hadithi za mapenzi za Kikristo nchini Marekani. Soko lake la leo lilifunguliwa na Beverly Lewis mwaka 1997 kwa riwaya ya The Shunning, na baada yake wakaja Wanda Brunstetter, Cindy Woodsmall na wengine wengi. Waandishi hao si Waamish, na wasomaji wao wakuu ni wanawake wa makanisa ya kiinjilisti. Hilo si jambo dogo, kwani ndilo linaloamua ni imani ya nani inayosimuliwa.

Mgogoro wa riwaya hizi huzaliwa na ubatizo. Waamish, waliojitenga na Waanabaptisti (Wakristo wanaobatiza watu wazima tu) wenzao wa Ulaya mwaka 1693 wakimfuata Jakob Ammann, hawabatizi watoto wachanga. Kijana hujiamulia mwenyewe, mara nyingi akiwa na umri wa miaka 18 hadi 22, kisha hupiga magoti mbele ya waumini na kuahidi kumtii Mungu na kushika kanuni za kanisa. Asiyebatizwa hafungishwi ndoa kanisani. Anayeondoka kabla ya kubatizwa hatengwi. Anayeondoka baada ya hapo hutengwa, na katika jumuiya kali hata wazazi wake hawali naye meza moja. Kwa hiyo mwandishi hana haja ya kutafuta adui. Binti aliyekwisha kubatizwa akimpenda kijana wa nje, kisa kimejisuka chenyewe.

Nguvu ya ahadi hiyo ya ubatizo inaonekana pia katika The Shunning. Katie Lapp amechumbiwa na askofu, mgane mwenye watoto, huku moyo wake ukiwa bado kwa kijana anayesadikiwa amekufa maji. Anagundua pia kwamba waliomlea si wazazi wake wa kumzaa. Siku ya harusi anaondoka, na kanisa linamtenga. Anayeumia hapo si Katie peke yake: mama mlezi naye analazimika kumkalia mbali mtoto anayempenda, kwa sababu kumkumbatia ni kuvunja ahadi yake mwenyewe.

Hata hivyo, njia ya kutokea katika dhiki hiyo mara nyingi si ya Kiamish. Mhusika huomba peke yake kwa maneno yake, hupata hakika kwamba ameokoka, kisha hupata mchumba anayemfaa. Waamish wanaoshika desturi za kale huona kujitangaza kuwa umeokoka ni majivuno. Wao husema wana tumaini, na hukumu humwachia Mungu. Unyenyekevu kwao ni kuyaweka matakwa ya nafsi chini ya jumuiya, ilhali riwaya ya mapenzi huishi kwa matakwa ya nafsi. Kuhusu kinachowavuta wasomaji, mtafiti Valerie Weaver-Zercher, katika utafiti wake wa mwaka 2013, aliuhusisha mvuto wa vitabu hivi na uchovu wa wasomaji kwa kasi ya maisha ya kisasa na kwa utamaduni uliojaa ngono.

Wapo walioandika kutoka ndani. Joseph Yoder, aliyelelewa katika familia ya Kiamish, alitoa Rosanna of the Amish mwaka 1940, akisimulia habari za mama yake, mtoto wa Kiayalandi aliyelelewa na mwanamke wa Kiamish. Linda Byler, Mwamish mwenyewe, ameandika mfululizo kuhusu msichana Lizzie, na humo uchumba unakwenda sambamba na kazi za nyumbani na hasira ndogondogo za familia.