Una Mtu Ndani?

Msikilizaji, tangazo la kazi likibandikwa Lodwar au Kakuma, hapa kwetu Turkana, vijana huulizana kwanza: "Una mtu ndani?" Mmoja ana diploma ya uuguzi, amejitolea kwenye zahanati, anazungumza Kiturkana, Kiswahili na Kiingereza. Lakini kabla hajaandika barua ya maombi, anatafuta namba ya diwani, ya meneja, ya mjomba aliye karibu na mkubwa. Simlaumu. Ameona waliopata kazi walivyoipata.

Najua wapo watakaosema Turkana imesahaulika miaka mingi, kwa hiyo mwenyeji apewe kwanza. Nami nasema apewe! Oktoba 2013 wakazi wa Turkana Kusini waliandamana wakidai kazi na zabuni hadi kampuni ya Tullow ikasimamisha kwa muda shughuli zake za mafuta, na dai lao lilikuwa la haki. Ila mwenyeji ni nani? Nafasi ikitengwa kwa jina la wenyeji, kisha ikachukuliwa na mpwa wa mkubwa hapa mjini, huku binti wa mfugaji wa Lokichoggio aliyempita katika usaili amebaki nyumbani, basi wenyeji wametumiwa tu kama mlango.

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma nako kuna dhuluma ya aina yake. Walimu wawili wanafundisha madarasa yanayopakana. Mkenya analipwa mshahara. Mkimbizi anapewa posho ndogo wanayoiita insentivu, hata kama wanafunzi wake ndio wanaofaulu zaidi. Hapo kinacholipwa ni kitambulisho.

Na ni Kakuma hiyohiyo iliyotuonyesha njia. Mwaka 2015 Tegla Loroupe, bingwa wetu wa marathoni, na wenzake waliandaa mbio za mchujo kambini. Wapo waliokimbia miguu mitupu. Hakuna aliyeuliza ukoo wa mtu wala kutazama mavazi yake. Saa ndiyo iliyoamua. Walioshinda wakapelekwa Ngong kufanya mazoezi, na Agosti 2016 watano kati yao walishiriki Olimpiki ya Rio, nusu nzima ya timu ya kwanza ya wakimbizi. Rose Nathike Lokonyen, msichana aliyekulia Kakuma, akabeba bendera mbele ya dunia.

Hata nje ya riadha, Kifungu cha 232 cha Katiba kinataka ajira za umma zifuate ushindani wa haki na sifa, na papo hapo kinataka jamii zote za Kenya ziwakilishwe. Yote mawili yanawezekana, mradi mambo yafanyike peupe.

Kwa hiyo naiomba Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na mashirika yote yanayoajiri Kakuma na katika makazi jirani ya wakimbizi ya Kalobeyei: kila baada ya usaili, bandikeni alama za waliofika mbele yenu na wodi wanazotoka, mahali ambapo hata mama muuza makaa anaweza kuzisoma. Nawe mzazi unayetaka kumpigia mheshimiwa simu usiku huu kwa ajili ya mwanao, nakusihi, usipige.