Matuta ya Matisi: Maneno Tuliyowaambia Wanachama



Wengine wameuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kinasema habari za matuta. Sisi tunaokaa Matisi mshahara haufiki mwisho wa mwezi, na kinachojaza sufuria ni mahindi ya kishamba cha nyuma ya nyumba. Mvua ya Aprili ikichukua udongo wa juu pamoja na mbolea tuliyonunua kwa deni, mshahara umekatwa, wala hakuna tajiri wa kumdai.

Twajua matuta yana jina baya. Wakati wa ukoloni watu walishurutishwa kuyachimba bila malipo. Huko Murang'a wanawake walichimba asubuhi mbili kila juma, hata mwaka 1947 wakakataa. Walikuwa na haki kabisa. Lakini walikataa shuruti, hawakuukataa udongo wao. Kule Ukambani pia watu walilazimishwa, na baadaye vikundi vya mwethya vilichimba kwa hiari yao, kwa namna iitwayo fanya juu.

Kazi yenyewe ni hii. Chimba mfereji unaokata mteremko, upana na kina kama sentimita 60, na udongo uutupe upande wa juu. Juu ya tuta panda majani ya nepia. Mizizi italishika, na ng'ombe atapata chake. Maji yatasimama na kunywewa na ardhi. Udongo unaoteremka utakwama hapo, na mwaka hadi mwaka shamba litakaribia kuwa tambarare. Usikisie usawa kwa macho! Funga miti mitatu, ning'iniza uzi wenye jiwe, ndipo upime. Mfereji ulioinama hukusanya maji pamoja, na ukipasuka huacha korongo.

Sasa tuseme lenye ugomvi. Mwenzetu mmoja alichimba vizuri, lakini maji ya mabati na ya njia kutoka kwa jirani wa juu yakabomoa tuta lake kwa usiku mmoja. Hawasalimiani mpaka leo. Basi tumeonelea kazi ianzie ploti ya juu kabisa, hata kama mwenyewe si mwanachama, na kila safu ya nyumba isaidiane. Waliopanga wapate kwanza ruhusa ya mwenye ploti, kwa maandishi, asije akawafukuza shamba likisha kutengenea. Kibarua akiitwa, alipwe siku hiyo hiyo.

Jumamosi, saa mbili asubuhi, tukutane ploti ya juu. Kila mtu na jembe lake.